Draivu 'imepotea' baada ya kuweka programu upya? Usikubali kufomati kwanza

JUNI 28 mwaka jana, siku mbili kabla ya makataa ya kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA, binamu yangu alinipigia simu saa nne asubuhi, sauti ikitetemeka.

"Cuzo, Z imeenda. Kazi yote ya wateja ilikuwa huko. Kuja sai, tafadhali."

Binamu anaendesha saiba ndogo Kahawa West, Nairobi. Ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, printa, skana na benchi la wateja. Kompyuta ya kwanza iko kaunta. Ya pili iko karibu na dirisha, na ndiyo imeunganishwa na printa na skana.

Hiyo Z ni draivu ambayo rafiki yake mmoja alimtengenezea kabla ya kuhamia Mombasa. Kila karatasi inayoskaniwa dirishani inatua Z, na kila inayochapishwa inatolewa Z. Vitambulisho, vyeti vya KCSE, fomu za P9, barua za kuomba kazi. Miaka miwili ya jasho. Nakala ya akiba? Hakuna.

Nilipofika nilipata watu wanane kwenye benchi na wengine mlangoni. Mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya skana, kofia mkononi. Wiki moja kabla, alikuwa ameskanisha cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake, kisha karatasi yenyewe ikarudishwa Kitui. Sasa alitaka kichapishwe.

"Msichana wangu, mimi nitangoja," alikuwa akimwambia binamu. "Lakini usiniambie kimepotea."

Kaunta alikaa fundi aliyeitwa kutoka duka la pili. Flashi yenye Windows ilikuwa tayari imechomekwa.

"Hiyo diski imekufa, siste," alisema. "Tupige Windows mpya mashine zote mbili, elfu moja kila moja. Jioni utakuwa sawa."

Nilimwomba dakika kumi. Ninafurahi sana kwamba alikubali, kwa sababu kama angebonyeza kitufe kimoja zaidi, cheti cha yule mjukuu na miaka miwili ya kazi vingefutika kwelikweli. Hadi dakika hiyo, hakuna faili hata moja iliyokuwa imepotea.

Ilianza na video ya YouTube

Siku hiyo asubuhi, programu ya skana ilikataa kufunguka. Binamu akafanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Aliiondoa, akaipakua tena, akafungua video ya kumwelekeza.

Jamaa wa kwenye video alisema ubofye faili ya kusakinisha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Run as administrator". Ikimalizika, ingia kwenye sifa za programu, sehemu ya "Compatibility", weka tiki kwenye "Run this program as an administrator" ili isikusumbue tena milele.

Binamu akafuata kila hatua. Programu ikafunguka vizuri na skana ikaanza kunguruma. Lakini alipotaka kuhifadhi, akaona C na D peke yake. Z haikuwepo.

Akawasha kompyuta upya. Bado. Akaondoa programu na kuiweka tena, mara hii pia kwa haki za msimamizi. Bado. Ndipo akamwita fundi.

Fundi naye akafungua lile dirisha jeusi la Command Prompt, akalifungua kama msimamizi, jinsi mafundi wengi walivyozoea. Akaandika Z: na kubonyeza Enter. Kompyuta ikajibu: "The system cannot find the drive specified." Kwake huo ukawa ushahidi wa kutosha kwamba diski imekufa.

Mimi nilifanya kitu kimoja tu. Nilifungua File Explorer, ile folda ya manjano iliyo chini ya skrini, nikabofya "This PC".

Z ilikuwa pale pale. Ndani yake, kila faili.

"Si ndiyo hiyo?" mzee akauliza kutoka nyuma yangu.

Mtu mmoja, makoti mawili

Ili uelewe kilichotokea, kwanza ujue kwamba draivu si za aina moja, hata kama zote zina herufi.

Kuna draivu za mwili: diski iliyo ndani ya kompyuta, diski ya nje, flashi. Hizi ukizichomeka, kompyuta nzima inaziona, uwe msimamizi au mtumiaji wa kawaida.

Halafu kuna draivu ambazo ni njia tu. Z ya binamu haikuwa diski. Ilikuwa njia ya mkato inayotoka kompyuta ya dirishani hadi folda moja iliyo ndani ya kompyuta ya kaunta. Faili zenyewe zililala kaunta muda huo wote, kwenye C, mahali pale pale fundi alipotaka kufomati.

Sasa, kwa nini njia hiyo ionekane na File Explorer lakini isionekane na programu ya skana?

Jibu linarudi nyuma hadi 2007, Microsoft ilipotoa Windows Vista. Enzi za Windows XP, watu wengi nyumbani walitumia kompyuta wakiwa wasimamizi saa zote. Virusi ikiingia, nayo inakuwa msimamizi, inafanya itakavyo. Vista ikaleta ulinzi uitwao User Account Control. Ni ile skrini inayofifia ghafla na kukuuliza kama unairuhusu programu ifanye mabadiliko kwenye kompyuta yako.

Tangu hapo, mwenye akaunti ya msimamizi akiingia kwenye Windows, mfumo humshonea makoti mawili. La kwanza ni la kawaida, na ndilo analovaa siku nzima akiandika, akivinjari na kufungua folda. La pili lina mamlaka yote, na hulivaa tu pale anapobofya "Run as administrator" na kukubali.

Mtu ni yule yule, lakini Windows huyahesabu makoti hayo kama safari mbili tofauti za kuingia kwenye kompyuta. Na njia za mtandao kama Z huandikwa kwa safari, si kwa mtu. Z ilifunguliwa ukiwa na koti la kawaida, kwa hivyo ufunguo wake uko mfukoni mwa koti hilo. Ukivaa koti la mkubwa, mamlaka yameongezeka lakini ufunguo umeuacha nyumbani.

Ndiyo maana programu ya skana haikuona Z, kwa sababu ile tiki ililazimisha ifunguke na koti la mkubwa kila siku. Dirisha jeusi la fundi nalo halikuona kitu kwa sababu hiyo hiyo. File Explorer ilikuwa na koti la kawaida, ikaona kila kitu.

Jipime ujue kama ni shida hii

Kabla hujatoa hata shilingi moja, jaribu haya.

Kwanza, fungua File Explorer. Kama draivu iko huko lakini ndani ya programu haipo, hapo umeshapata nusu ya jibu.

Pili, chukua picha au faili yoyote kutoka File Explorer ujaribu kuiburuta hadi ndani ya programu hiyo. Programu iliyofunguliwa na mamlaka ya msimamizi haipokei kitu kinachoburutwa kutoka dirisha la kawaida. Ikiwa zamani ilikubali na sasa inakataa, hiyo ni dalili.

Tatu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ufungue Task Manager. Nenda sehemu ya "Details", bofya kichwa cha safu yoyote kwa kitufe cha kulia, chagua "Select columns", kisha uongeze "Elevated". Programu yako ikiandikiwa "Yes", basi imevaa koti la mkubwa.

Nne, fungua Command Prompt mara mbili: moja kwa njia ya kawaida, nyingine kama msimamizi. Katika kila moja andika:

net use

Linganisha majibu. Kwa saiba ya binamu, dirisha la kawaida lilionyesha Z ikiwa "OK". Dirisha la msimamizi lilionyesha Z ile ile lakini imeandikwa "Unavailable". Wakati mwingine haionyeshwi kabisa.

Kitu kingine: kama akaunti yako si ya msimamizi, na unapoomba mamlaka kompyuta inakutaka uandike neno la siri la mtu mwingine, basi hapo hujabadilisha koti tu. Programu inaendeshwa kama mtu mwingine kabisa, na draivu zake, folda zake na desktop yake. Usishangae kukosa vitu vyako huko.

Tiba, kuanzia iliyo rahisi

Ya kwanza ni kufunga programu na kuifungua upya kwa njia ya kawaida. Watu hawajui kwamba ukimaliza kusakinisha na kuacha tiki kwenye "Launch now", mara nyingi programu hufunguliwa na kisakinishi chenyewe na kurithi mamlaka yake. Ukiifunga na kuifungua kwa kubofya ikoni yake, Z inarudi yenyewe.

Ya pili ndiyo iliyomwokoa binamu. Bofya ikoni ya programu kwa kitufe cha kulia, ingia "Properties", kisha "Compatibility", na uondoe tiki kwenye "Run this program as an administrator". Kusakinisha kwa haki za msimamizi ni jambo la kawaida kwa programu nyingi. Kuiendesha kwa haki hizo kila siku ni jambo lingine, na programu nyingi za kisasa hazihitaji. Tulipoondoa tiki, skana ilifanya kazi na Z ikarudi. Ilichukua chini ya dakika moja.

Ya tatu ni ya wale ambao programu yao ni ya zamani na kweli inakataa bila mamlaka. Badala ya kutafuta Z, andika anwani kamili ya folda pale unapoulizwa mahali pa kuhifadhi. Kama kompyuta ya kaunta inaitwa KAUNTA na folda inaitwa Skani, andika:

\\KAUNTA\Skani

Anwani hiyo haitegemei herufi. Inaweza kukuomba jina na neno la siri la kompyuta ya kaunta, kisha inafunguka.

Ya nne ni kulipa koti la mkubwa ufunguo wake. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

net use Z: \\KAUNTA\Skani /persistent:no

Itadumu hadi utoke kwenye akaunti au uzime kompyuta. Kesho utarudia.

Kuna ya tano, ambayo utaikuta kila mahali mtandaoni ikipewa sifa. Ni kuingia kwenye rejista ya Windows, mahali hapa:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System

Hapo unatengeneza thamani mpya aina ya DWORD iitwayo EnableLinkedConnections, unaipa 1, kisha unawasha kompyuta upya. Kuanzia hapo makoti yote mawili yanashiriki njia za mtandao.

Inafanya kazi, lakini Microsoft wenyewe huonya kwamba inaweza kupunguza usalama wa kompyuta. Ukuta ule uliokusumbua uliwekwa kwa sababu. Ukiubomoa, virusi iliyopata mamlaka ya msimamizi itazikuta folda za mtandao zikiwa wazi. Saiba inayochomekwa flashi za watu thelathini kwa siku haifai kucheza na hilo. Iache iwe ya mwisho kabisa.

Hadithi inapogeuka

Shida hii ina upande wa pili, na huwapata zaidi wanaotumia draivu za mawinguni.

Zipo programu zinazochukua hifadhi yako ya intaneti na kuipa herufi, ionekane kama diski ya kawaida. Rclone, ambayo mapro wengi huitumia, ni mojawapo. Ukiiendesha kama msimamizi, draivu inazaliwa kwenye safari ya msimamizi. Programu inakwambia kila kitu kiko sawa. Unafungua File Explorer, huoni kitu.

Wengi hapo huiondoa na kuiweka upya, tena kwa haki za msimamizi wakidhani hawakutoa mamlaka ya kutosha. Wanazunguka mduara. Dawa ni kinyume chake: funga, kisha uiendeshe bila mamlaka. Draivu itatokea pale unapoitaka.

Na kama ni diski halisi?

Tuseme huna draivu ya mtandao. Umeweka Windows yenyewe upya, jambo ambalo wengi wamefanya tangu Windows 10 iache kupata huduma ya kawaida ya Microsoft Oktoba 14, 2025. Umefungua kompyuta na D yako yenye muziki, picha na project ya chuo haipo.

Hapa koti si tatizo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, uchague "Disk Management", kisha usome kinachoonyeshwa bila kubonyeza chochote.

Ukiona sehemu yako iko, saizi yake ni ile ile na ina afya, ila haina herufi, basi ni jina tu limekosekana. Ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Change Drive Letter and Paths", uipe herufi. Faili zako zitakuwa ndani.

Ukiona alama ya kufuli, diski imefungwa kwa BitLocker. Utahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika mwanzo. Ingia huko na simu yako uutafute.

Ukiona "RAW" au "Unallocated" mahali palipokuwa na data zako, simama hapo hapo. Na Windows ikikuuliza kama i-initialize au i-format diski hiyo, kataa. Usiandike kitu chochote juu yake. Sasa ndipo unahitaji fundi, tena wa kuokoa data, si wa kupiga Windows.

Ikiwa diski haionekani hata huko, zima kompyuta na uangalie waya, au ujaribu tundu lingine.

Maswali ya kumwuliza fundi

Sina ugomvi na mafundi. Yule wa Kahawa West alikuwa mtu wa kazi, na alipoona Z kwenye File Explorer alicheka na kusema, "Ai, kumbe mimi ndio nilikuwa naangalia na jicho mbaya." Aliiondoa flashi yake mwenyewe. Binamu alimpa 300 za usumbufu, naye akakaa kutusaidia kusukuma laini ya wateja.

Lakini kufomati kumekuwa kama panadol mitaani. Kila ugonjwa unapewa hiyo hiyo, na mwenye faili ndiye anayelipa gharama. Kwa hivyo kabla mtu hajachomeka flashi ya Windows kwenye mashine yako, mwulize: Faili zangu ziko kwenye diski gani hasa? Umeziona kwa macho yako? Nakala yake iko wapi? Akishindwa kujibu moja, asianze.

Na wewe mwenyewe, tafuta majibu hayo kabla ya siku mbaya. Binamu alikuwa ametumia Z miaka miwili bila kujua kwamba faili ziko kaunta. Siku hiyo jioni, wateja walipoisha, tulikaa chini. Tulinunua diski ya nje na kunakili folda nzima ya Skani. Kisha tukaandika kwenye kikaratasi, tukakibandika ukutani: "Z = folda ya Skani, kompyuta ya kaunta, C."

Tuligundua pia kwamba folda hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote aliye kwenye wi-fi ya saiba, bila neno la siri. Vitambulisho vya watu! Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na anayetunza data za wateja ana wajibu wa kuzilinda, hata kama biashara yake ni chumba kimoja. Tuliweka neno la siri, na tukafuta skani za wateja waliokwisha kuhudumiwa zamani.

Mzee naye? Cheti cha mjukuu kilichapishwa saa tano na nusu, nakala mbili. Alikikagua jina kwa jina, akakikunja ndani ya gazeti lake, akatoa shilingi 20.

"Na hiyo Z," alimwambia binamu akitoka, "muifunge na kamba."

Binamu bado anaendesha saiba yake. Juni hii alinipigia tena simu asubuhi, nikaruka kitandani. Alikuwa anataka kujua kama nimewasilisha ritani zangu.